Upande Mzito wa Lori la Baba

Musanda,
4 Februari 2024

Dada yangu Nekesa,

Mulembe. Sisi huku tupo, na jua linatuchoma kama kawaida ya mwezi huu. Miwa iliyobaki shamba la chini imekauka majani hadi kiunoni, na wifi yako Rosebella anasema heri tuing'oe tupande viazi vitamu. Anakusalimu. Kuku wako, ile ingokho aliyokutengea Krismasi, ukakosa kuja, tuliila Mwaka Mpya, kwa hiyo usimdai. Msalimie shemeji Mathew, umwambie mbegu ya maharagwe aliyonipa ilishika vizuri.

Utashangaa kupata barua badala ya simu. Sauti yangu imeondoka. Ilianza kwa kukwaruza wakati wa kukata miwa, nikadhani ni vumbi. Halafu ikawa inakuja na kwenda, na sasa imekwenda tu. Nikikuita hutasikia kitu ila pumzi. Simu kwangu ni kipande cha plastiki, na kuandika kwa kidole gumba sitaki kujifunza nikiwa na mvi hizi. Nitakuwa naandika kwa kalamu na kutuma na gari la vifurushi linaloondoka Mumias, nawe unijibu vivyo hivyo.

Huko Kakamega hospitalini walinimulika kooni, wakasema niende Eldoret nikaangaliwe zaidi. Si jambo kubwa. Najua utasema nije mara moja nilale kwako, kwa kuwa kutoka Lugari hadi Eldoret ni karibu. Nitakuja. Lakini kwanza kuna lori la baba.

Baba alipowapa mlitumie kusomba mahindi, lilikuwa bado lori. Sasa nasikia limesimama kando ya ghala lenu, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva. Ugonjwa wake ni mmoja. Ekseli ya nyuma ina pande mbili, upande mwepesi wa tambarare na upande mzito wa milima. Ile mota ya kubadilisha ilipoungua, lori likabaki upande mwepesi, na likiwa na mzigo halipandi hata kichuguu. Nimepata mota kutoka kwa lori la rika lake lililovunjwa hapa Mumias. Imo ndani ya kifurushi hiki, nimeifunga kwa gunia. Tafuteni fundi aifunge.

Siku lori la baba litakapoingia boma hili likiwa na mzigo mgongoni kama zamani, nitapanda ndani twende Eldoret. Hilo ndilo neno langu.

Kaka yako,
Jairus

*

Lumakanda, Lugari,
21 Februari 2024

Kaka Jairus,

Mulembe muno. Kifurushi kilifika na gunia lake, na Mathew aliibeba mota hadi ndani ya nyumba kama mtoto mchanga. Sisi tunalima. Trekta limepita mara ya kwanza na tunangoja mvua tupande. Bravin alipiga simu kutoka Mombasa, kazi ipo, anasema atakuja Agosti, lakini wewe unamjua mwanangu. Mathew anakusalimu, anasema maharagwe hayo utamlipa kwa kumpa viazi vitamu.

Kaka, barua yako nimeisoma mara nyingi. Mtu aliyepoteza sauti na kuambiwa aende Eldoret hawezi kuniandikia habari za kuku na ekseli halafu aseme si jambo kubwa. Njoo. Panda gari lolote hadi Webuye, Mathew atakupokea pale. Kitanda kipo. Lori tutalitengeneza ukiwa hapahapa, ukikaa kwenye kiti na kumwonyesha fundi kwa kidole.

Fundi mwenyewe tumempata. Anaitwa Kipkemboi, kijana wa upande wa Turbo aliyefunza mikono yake kwenye matrekta ya zamani ya mashamba ya wazungu. Alilala chini ya lori akatoka na vumbi usoni, akasema ekseli yenyewe ni nzima, mafuta yake bado mazuri. Hajawahi kufunga mota kama hii. Anauliza kitufe cha dereva kinakaa wapi na waya zinapita wapi, kwa sababu zetu zote ziliibwa. Mjibu, lakini nijibu mimi kwanza. Unakuja lini?

Dada yako,
Nekesa

*

Musanda,
17 Machi 2024

Nekesa,

Mulembe. Mvua imekuja hapa, ya mawe, ikatoboa mabati ya jikoni. Tumeng'oa miwa. Rosebella alishinda, na sasa shamba la chini ni matuta ya viazi. Nashukuru kwa sukari na majani ya chai uliyotuma.

Samahani kwa kuchelewa. Nilikuwa na mafua kidogo.

Sasa mwambie Kipkemboi hivi. Kitufe kinakaa kwenye shingo ya mti wa gia, chini tu ya kichwa chake, mahali ambapo kidole cha dereva kinakifikia bila kuachilia gia. Kukivuta juu ni kuomba upande mwepesi. Kukisukuma chini ni kuomba upande mzito. Nasema kuomba kwa sababu kitufe hakibadilishi chochote. Kinaipa mota umeme, mota inakaza springi, na springi inakaa ikingoja. Dereva akiinua mguu kwenye mafuta, au akigusa klachi na kuiachia haraka, meno yanapumzika kidogo, na hapo springi inayasukuma upande wa pili. Baba alikuwa anasemanga lori linabadilisha wakati dereva anapumua.

Waya ziwe nene, zipite juu ya fremu, zisiguse bomba la moshi. Fyuzi iwekwe karibu na betri. Na mota ipewe waya wake wa kurudisha umeme kwenye fremu, asitegemee nati zenye kutu.

Jambo moja alishike kuliko yote. Kati ya upande mwepesi na upande mzito kuna mahali pa katikati ambapo meno hayajashikana na lolote. Mota ikisimama hapo, injini itanguruma na magurudumu hayatasikia. Kwenye tambarare ni kuaibika tu. Kwenye mlima mna breki peke yake, na breki za lori lile ninazijua. Kwa hiyo asilipeleke mlimani mpaka limebadilisha likiwa kwenye jeki, tena na tena, bila kukosa.

Wasalimie.

Jairus

*

Lumakanda,
14 Aprili 2024

Kaka,

Mulembe. Tumepanda mahindi yote, hata kile kipande cha kando ya reli. Ng'ombe mweusi amezaa ndama jike, na Mathew ametoa jina bila kuniuliza, anamwita Musanda. Anasema ni kwa sababu ya ukaidi.

Nilikuuliza unakuja lini, ukanieleza springi. Nimeona.

Haya, lori. Kipkemboi amefanya kila kitu ulichoandika. Barua yako aliishika na mikono ya grisi mpaka haisomeki, na anaikumbuka kwa kichwa. Kitufe alikipata kwa rafiki yake, kikiwa na nyufa, akakifunga kwa utepe mweusi. Jumanne waliinua nyuma kwa jeki, wakawasha injini. Mathew alikaa ndani akabonyeza. Kutoka chini tukasikia mota ikikoroma, Mathew akainua mguu, na magurudumu yakapunguza mwendo palepale huku injini ikiwa na mbio ileile. Kipkemboi alicheka peke yake pale chini. Mathew alitoka akasimama kando akigeuzageuza kofia. Nadhani alimwona baba.

Limebadilisha kila mara tulipolijaribu. Kwa hiyo neno lako limetimia. Jumamosi ijayo tunalipakia magunia kidogo na tunakuja kukuchukua. Mwambie Rosebella akufungie nguo.

Nekesa

*

Musanda,
5 Mei 2024

Dada yangu,

Mulembe wewe na nyumba yako. Ndama amepewa jina baya, lakini nimecheka, na kucheka kwangu siku hizi ni kama kupuliza moto. Viazi vimeota. Mchungaji alikuja akatuombea, akakaa mpaka chai ikaisha.

Ulipotuma ujumbe kwa Rosebella kwamba mnakuja Jumamosi, ni mimi niliyemwambia awazuie. Usimkasirikie. Lori kubadilisha likiwa kwenye jeki si kupanda mlima. Nilisema lije na mzigo kama zamani, na zamani halikubeba magunia kidogo. Nimefikiria pia hiyo mota imekaa miaka mingi nje. Nyaya za ndani zinaweza kuwa zimeliwa na kutu. Kipkemboi aifungue, aisafishe, abadilishe brashi zake. Kitufe chenye nyufa kitaingiza maji, atafute kizima. Waya wa kurudisha umeme nimekumbuka ni bora uwe mpya kabisa, wa shaba nene. Akimaliza hayo alijaribu kwa mzigo kwenye mlima ule wa kushuka mto Kipkaren. Likipanda pale, njooni.

Mimi naendelea vizuri. Nimepungua kidogo kwa sababu ugali, obusuma yetu, hainishuki vizuri, lakini uji unapita.

Jairus

*

Lumakanda,
9 Juni 2024

Kaka,

Mulembe. Mahindi yamefika magotini. Mvua ni nyingi na barabara ya kwetu haipitiki. Bravin hajapiga simu tena. Ndama anaendelea kunyonya.

Jaribio halikuenda vizuri sana. Lori liko pale karibu na daraja, Kipkemboi atalivuta matope yakikauka. Usiwe na wasiwasi. Tutalimaliza.

Tafadhali kula.

Nekesa

*

Musanda,
30 Juni 2024

Nekesa,

Mulembe. Nimeipokea barua yako, nikaigeuza nyuma nione kama kuna maneno mengine. Hakuna.

Tangu ulipoolewa huko sijawahi kupata neno lako bila Mathew ndani yake. Hata siku mlipogombana ukarudi hapa kwa mama na mfuko wa nguo, ulisema Mathew anawasalimu. Sasa umeniandikia ndama, umeniandikia matope, hujamwandika yeye. Nilimwuliza Rosebella kama amesikia kitu, akainamia mboga zake. Mke wangu ni mtu wa kanisa. Akiwa hataki kusema uongo, anakata mboga.

Mathew ana nini?

Jairus

*

Lumakanda,
14 Julai 2024

Kaka Jairus,

Mulembe.

Sikutaka uyajue haya ukiwa mgonjwa. Lakini umeuliza, na Rosebella alinipigia jana akilia, kwa hiyo sasa tutaambiana yote, mimi yangu na wewe yako.

Ilikuwa Alhamisi mwishoni mwa Mei. Kipkemboi alikuwa ameifungua mota na kuisafisha kama ulivyosema. Kitufe kizima alikipata. Waya mpya wa shaba ulikuwa haujafika, uliagizwa Eldoret, na ule wa zamani alikuwa ameshautoa. Magunia yalikuwa juu, mahindi ya mwaka jana, lori limejaa kama ulivyotaka. Kipkemboi akaniambia, "Mama, tungoje waya." Nikamwambia, "Tukingoja, kaka yangu atakwisha." Ni mimi niliyesema, kaka. Mathew alichukua gogo la kuzuia gurudumu akaanza kutembea.

Kipkemboi alishuka hadi darajani, akageuza, akaanza kupanda. Mathew alitembea kando ya gurudumu la nyuma na gogo lake mikononi. Mimi nilikuwa juu kwenye ukingo. Lilipanda vizuri hadi nusu, likaanza kuchoka, nikamwona Kipkemboi akisukuma kitufe. Halafu injini ikapiga kelele ghafla, kelele ya injini isiyobeba kitu, na lori likasimama. Ulituambia kuhusu mahali pa katikati. Ndipo lilipokuwa. Kipkemboi alikanyaga breki zote, likakaa kidogo, kisha likaanza kurudi nyuma polepole. Mathew alipiga magoti akalisukuma gogo chini ya gurudumu. Gogo liliteleza kwenye matope. Akalisukuma tena. Mara ya pili lilishika, lakini lilishika na mkono wake ukiwa hapo.

Lori lilisimama. Kipkemboi hakuumia. Magunia hayakuanguka hata moja.

Walimkata mkono wa kulia, juu kidogo ya kiganja. Amerudi nyumbani, kidonda kinafunga. Anajifunza kukamua ng'ombe kwa mkono wa kushoto na ng'ombe hawataki. Hajanilaumu. Ningependa anilaumu. Jana aliniomba nimfungie kamba za viatu, halafu akasema basi, atavaa malapa.

Kipkemboi aliichunguza mota baadaye. Ilikosa umeme kwa kutu ya zile nati, mahali hasa ulipotuonya. Kwa hiyo usijaribu kujibebesha hili.

Sasa lako. Rosebella ameniambia kwamba daktari wa Kakamega hakukwambia uende kuangaliwa. Alikwambia ni saratani. Alikwambia mwezi wa Januari, akakwambia ikiwahiwa wanaweza kuichoma kwa mionzi Eldoret, na akakupa tarehe ya kwenda. Tarehe hiyo ilipita kabla hujaniandikia hata hiyo barua ya kwanza. Brashi, kitufe, mzigo, mlima. Kila tulipomaliza kitu uliongeza kingine. Lori lilikuwa linapona, kaka. Wewe ndiye uliyekuwa hutaki.

Sijui kama nimekasirika. Nimechoka. Njoo, hata kwa ajili ya Mathew tu, uje umwone.

Dada yako,
Nekesa

*

Musanda,
25 Agosti 2024

Dada yangu Nekesa,

Mulembe. Tulifika salama. Lile gari lilituacha Mumias mjini, tukapanda boda hadi nyumbani, Rosebella nyuma yangu akinishika kama mfuko wa unga. Viazi vilikuwa vimeingiliwa na fuko. Asante kwa maziwa, yalifika yameganda, nami maziwa mala ndiyo yanayopita vizuri siku hizi. Asante kwa siku zile zote.

Nilipopata barua yako ya Julai sikuweza kuijibu, ndiyo maana uliniona mlangoni. Nilipanda gari la kwanza nililoliona. Halikuwa la baba wala la mtu yeyote ninayemjua, na wala sikukumbuka kuliangalia.

Siku ya Eldoret ulibaki nje kwenye benchi na Mathew, na tulipotoka hukuuliza, na mimi sina sauti, na Rosebella alikuwa analia. Kwa hiyo nikueleze hapa. Daktari alikuwa mwanamke mdogo, mpole. Aliangalia picha, akaniangalia mimi. Niliandika kwenye karatasi, aniambie ukweli wote. Akasema, "Mzee, mngekuja mwezi wa pili." Basi. Mengine yalikuwa namna ya kufika mwisho bila maumivu mengi. Dawa ya maji nameza kijiko asubuhi na jioni. Inanipa usingizi wa mchana kama mzee wa kweli.

Uliniandikia kwamba sikutaka. Ulichoambiwa ni kweli, na ulichokiona mwenyewe ni kweli. Unamkumbuka jirani yetu Hezekiah. Alichomwa koo akarudi hapa akiwa mweusi shingo nzima, akaishi miezi michache akilishwa kwa mpira, na mimi ndiye niliyekuwa nikimgeuza kitandani. Nilipoambiwa jina la ugonjwa nilimwona yeye. Nikafikiria kitu cha kufanya ambacho si hicho, na kitu nilichokijua ni lori. Ilikuwa raha, Nekesa. Kukaa hapa na kuandika waya zipite wapi. Kwa saa nzima nilikuwa sina koo.

Mathew amelipia raha hiyo. Jioni ile ya kwanza kwenu, mlipokuwa jikoni, alikuja akakaa karibu yangu, ule mkono kwenye paja. Nilikuwa nimeandika maneno mengi ya kumwomba msamaha, karatasi nzima. Aliisoma mpaka mwisho, akaikunja kwa mkono mmoja, akaniambia, "Shemeji, huu umeshapona. Wewe je?" Tulikaa tu tukaangalia ng'ombe wakirudi.

Usitume tena habari za hospitali nyingine. Nimewasikia watu wanasema kuna ya India, kuna mganga wa Busia. Sitakwenda.

Jairus

*

Lumakanda,
6 Oktoba 2024

Kaka,

Mulembe. Mahindi yamekauka na tumeanza kukata. Bravin amekuja kweli, amechelewa lakini amekuja, na ndiye anayeshika panga mahali pa baba yake. Mathew anakusalimu. Anakusalimu sana. Ameweza kukamua, ng'ombe mweusi amemkubali.

Rosebella ananiambia hata maziwa sasa ni kazi. Ananiambia pia kwamba unamkataza kuniambia.

Sikutaka kukuandikia hili, lakini Mathew amesema lazima ulijue. Kipkemboi hakuacha. Baada ya ajali hakutaka hata chai yangu, alikuwa anakuja na kulala chini ya lori na kuondoka. Alifunga ule waya wa shaba. Alibadilisha breki zote. Juzi Ijumaa alikuja akamwambia Mathew kwamba yuko tayari, na kama Mathew hataki atalivunja auze vipande, hatasema neno. Mathew akasema tujaribu.

Tulilijaza tena. Safari hii hakuna mtu aliyetembea kando yake. Kipkemboi alipanda peke yake na sisi tukasimama juu. Lilifika palepale nusu ya mlima, nikafumba macho. Nikasikia injini ikipumua, kama ulivyoandika, halafu ikashika sauti ya chini, nzito, ile tuliyokuwa tunaisikia tukiwa watoto tukijua baba anarudi na tunakimbia kuosha miguu. Lilipanda hadi juu bila kuyumba. Lilipita mbele yetu.

Sikuhisi furaha, kaka. Nilitafuta furaha nikaikosa. Mathew alilia kidogo, akapangusa uso kwa bega. Kipkemboi alilisimamisha barabarani, akatoa kichwa dirishani, injini bado inanguruma na magunia juu, akaniuliza, "Mama, nalipeleka wapi?"

Nikamwambia alirudishe nyumbani apakue.

Niambie wewe. Nililete?

Nekesa

*

Musanda,
20 Oktoba 2024

Nekesa,

Mulembe. Mwandiko ni wangu bado, lakini Rosebella amenishikia ubao. Mwambie Kipkemboi amefanya kazi nzuri. Usimwambie kwa niaba yangu tu, mpe na chai, na umngojee mpaka ainywe.

Lori usililete. Lisombe mahindi ya Mathew. Mkono mmoja hauwezi kusukuma mkokoteni.

Mahali nimemwonyesha Rosebella. Ni karibu na kaburi la mama, upande wa viazi, maji hayasimami hapo. Mchungaji amekuja tena na safari hii hakungoja chai. Siogopi kama nilivyoogopa. Ninachukia tu kwamba nikiamka usingizini kwa muda kidogo nasahau, halafu nakumbuka tena upya.

Mwaka mzima niliwangojesha, na nilijua ninawangojesha. Sasa sina siku za kumngoja mtu. Kwa hiyo usimalize kuvuna kwanza, usifue nguo, usinunue kitu cha kuleta, sina mahali pa kukiweka. Bravin atasimamia shamba. Panda gari lolote. Kama Mathew anaweza safari, mje wote wawili. Ukinikuta nimelala usiniamshe, kaa hapo kwenye kigoda, nitajua.

Barua hii ikikufikia asubuhi, njoo asubuhi hiyo.

Jairus